Hewa Haigawanyiki kwa Tatu

Chukua glaida, ndege isiyo na injini, yenye mabawa ya mita 15 kutoka ncha hadi ncha, kisha uigawe kwa tatu. Mabawa yatakuwa mita 5. Kiti cha rubani kitamtosha mwanasesere. Mkanda wa kiti, vioo vya mita za ubaoni, gurudumu la kutulia, hata mshono wa kitambaa kwenye mkia, vyote hivi fundi mwenye subira anaweza kuvipunguza mpaka vikae sawasawa katika theluthi ya ukubwa wao. Mbao hukubali. Chuma hukubali. Rangi hukubali. Hewa peke yake ndiyo haikubali. Upepo unaoparamia mlima mchana wa Agosti ni uleule kwa ndege kubwa na kwa ndogo, wala haujipunguzi kwa heshima ya kazi ya mikono ya mtu. Ndege ya mfano ikishaachiwa, imeingia katika ulimwengu wa ukubwa kamili.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, karakanani na mlimani, na kila nikilirudia naona ndani yake sababu ya mtu mzima kutumia majira mazima ya baridi akigundisha vijiti vyembamba. Hewa huwezi kuilaza mezani ukaipima kwa rula. Unachoweza ni kujenga kitu kwa uangalifu wote ulio nao, ukakipeleka mbele yake, nayo ikakujibu.

Glaida ninayoiwazia hapa ni K 8. Ilibuniwa na Rudolf Kaiser kwa ajili ya kiwanda cha Alexander Schleicher kilichoko Poppenhausen, kijiji cha milima ya Rhön katikati ya Ujerumani, ikaruka kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Ni ndege ya mtu mmoja. Kiwiliwili chake ni mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa na kuvikwa kitambaa, na mabawa yake ni ya mbao. Kaiser alikusudia ndege ambayo chama chenye fedha chache kingemudu kuinunua na kuikarabati chenyewe, na zaidi ya 1,000 zilijengwa. Katika hewa tulivu, kila mita inayoshuka huisogeza mbele mita 27 hivi. Haina haraka. Ni pole, humvumilia mwanafunzi, na kwa sababu hiyo vijana wengi sana walikaa peke yao angani kwa mara ya kwanza wakiwa ndani yake. Baadhi ya wanaoijenga leo katika theluthi ya ukubwa wake ni vijana haohao, sasa ni wazee, na mikono yao bado inakumbuka jinsi fimbo ya usukani ilivyokuwa nyepesi asubuhi ile.

Juu ya Poppenhausen umekaa mlima Wasserkuppe, wenye kimo cha mita 950. Ni mlima mpana, wenye nyasi na usio na msitu kileleni, na kila upande unaotoka upepo kuna mteremko wa kuupokea. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliibana sana Ujerumani katika mambo ya ndege. Vijana waliokosa injini wakauendea mlima huu. Mwaka 1920 Oskar Ursinus, mhariri wa jarida la Flugsport, aliwaita kwenye mashindano ya kwanza ya glaida, na mruko uliosifiwa kuliko yote mwaka huo, wa Wolfgang Klemperer, ulizidi dakika mbili kidogo tu. Miaka miwili baadaye, Agosti 1922, Arthur Martens alikaa angani zaidi ya saa moja akiwa katika glaida iitwayo Vampyr, iliyotengenezwa Hannover. Siku chache tu zikapita, Friedrich Hentzen akaipeleka ndege hiyohiyo zaidi ya saa tatu. Upepo haukuwa umebadilika kati ya 1920 na 1922. Watu ndio waliokuwa wamejifunza kujenga bawa refu, jembamba na safi zaidi, na kukaa mahali ambapo hewa inapanda.

Historia hiyo ina giza pia, na anayeupenda ufundi huu hana haki ya kuliruka. Katika miaka ya 1930 utawala wa Hitler uliviteka vyama vya glaida na madarasa ya kujenga ndege za mfano, ukavifanya njia ya kuwaandaa wavulana kwa vita. Mtoto aliyekuwa akipiga msasa mbavu za bawa alikuwa anapimwa kama askari wa kesho. Baada ya vita Wajerumani walikatazwa kurusha glaida, na ruhusa ikarudi mwaka 1951. K 8 ilizaliwa miaka sita baadaye, katika nchi iliyokuwa inajifunza upya kuruka bila kumwinda mtu. Leo makumbusho ya glaida yaliyoko juu ya mlima huo yanazitaja ndege za mfano ndani ya jina lake rasmi, bega kwa bega na zile kubwa. Naona ni haki. Katika mlima ule kubwa na ndogo zimelelewa na upepo mmoja.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana ndani ya hesabu ndimo uzuri ulimofichwa. Ukigawa urefu kwa tatu, eneo la bawa hugawanyika kwa tisa, na ujazo wa ndege, pamoja na uzito wake, kwa ishirini na saba. Galileo alikwisha kulieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638: kitu kikibadilika ukubwa, urefu, eneo na ujazo haviendi kwa mwendo mmoja. K 8 iliyojaa, ikiwa na rubani wake, inaruhusiwa kufikia kilo 310. Gawa kwa 27, utapata kilo 11 na nusu, na kweli mfano mzuri wa theluthi hukaa jirani na uzito huo au chini yake kidogo. Lakini eneo limegawanywa kwa tisa tu. Kwa hiyo kila kipande cha bawa la mfano hubeba theluthi ya mzigo ambao kipande kama hicho hubeba kwenye ndege halisi, na mwendo unaoitosha kubaki angani hupungua kwa kipeuo cha pili cha tatu, yaani mara 1.73.

Hapo ndipo jicho linapohusika. Ndege imekuwa fupi mara tatu, lakini mwendo wake umepungua chini ya mara mbili. Kwa hiyo, kwa kulinganisha na urefu wake yenyewe, mfano hukimbia zaidi kuliko ndege halisi. Kwa mfano uliopunguzwa mara kumi tofauti hii huzidi mara tatu: huoni glaida, unaona mdudu mwenye wasiwasi. Ndiyo sababu watu hujenga kubwa, licha ya gharama, licha ya gari kutotosha na mlango wa karakana kuwa mwembamba. Kadiri mfano unavyokua ndivyo utulivu unavyourudia. Mfano wa mita 5 unapokata kona mbele ya mteremko, bawa la ndani likishuka polepole na la nje likipanda, mwendo wake unakaribia ule wa mama yake, na jicho linakubali. Rangi iliyofanana hudanganya ndege ikiwa chini. Ikiwa juu, mwendo ndio unaosema kweli.

Bado hewa ina sharti jingine. Mwaka 1883, huko Manchester, Osborne Reynolds alionyesha kwamba tabia ya kitu kinachotiririka hutegemea pamoja ukubwa wa njia yake, mwendo wake, uzito wake na mnato wake. Kwa bawa, maana yake ni kwamba kadiri linavyokuwa dogo na la polepole, ndivyo linavyoiona hewa kuwa nzito na yenye kunata. Mfano wa theluthi huruka katika hewa ambayo kwake ni kama imenata mara tano zaidi. Umbo la bawa lililomfaa Kaiser kwenye upana wa karibu mita moja linaweza kuchoka mapema kwenye upana wa sentimita 30, na hewa ikajibandua mgongoni mwa bawa kabla ya wakati. Kwa hiyo mafundi wengi hulirekebisha umbo hilo kidogo, hulipunguza unene, hubadilisha mviringo wa tumbo. Wanaacha kuifuata ndege halisi mahali padogo ili waweze kuifuata katika jambo kubwa, nalo ni kuruka kama inavyoruka yenyewe. Nimejifunza kuliheshimu badiliko hilo dogo. Anayekataa kulifanya kwa ajili ya uaminifu wa mchoro hupata kitu kinachofanana na K 8 mpaka pale kinapoondoka ardhini.

Ujenzi wenyewe huanza na mbavu. Fundi wa jahazi hupanga mbao za ubavuni kwanza, ndipo atie mataruma ndani. Fundi wa bawa huanza na mataruma, ngozi ikaja mwisho. Kila ubavu hukatwa kwenye plaiwudi nyembamba au kwenye mti wa balsa, ule mwepesi unaotoka zaidi Ecuador. Kutoka shinani hadi nchani kila mmoja hupungua kidogo kuliko uliotangulia, na hakuna mbavu mbili zilizo sawa. Mbavu hupangwa juu ya mhimili, na mhimili ndio roho ya bawa: vipande viwili virefu vya msonobari, kimoja juu na kimoja chini, vimeunganishwa katikati kwa plaiwudi. Bawa linapobeba ndege, kipande cha juu husukumwa na cha chini huvutwa, na plaiwudi ya katikati huvizuia visiteleze kila kimoja kwa njia yake. Fundi mzuri hutazama nyuzi za mbao zinaelekea wapi kabla hajapaka gundi.

Kisha sehemu ya mbele, kutoka kwenye mhimili hadi ukingo unaokata upepo, hufunikwa kwa plaiwudi isiyofika milimita moja. Hulowanishwa kwa maji ya moto, hukunjwa taratibu, hubanwa, huachwa ikauke usiku kucha. Ikikauka na kugundishwa, mbele ya bawa huwa bomba lililofungika, na bomba lililofungika halikubali kusokotwa. Kabla ya kufunga bomba hilo, bawa hushika mkono wowote unaolipinda. Likishafungwa, pindo lililomo limebaki humo maisha yote. Kwa hiyo hapa ndipo fundi anapotia pindo la makusudi: ncha za mabawa huinamishwa mbele kwa nyuzi chache, ili ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi, sehemu ya karibu na kiwiliwili iache kubeba kwanza, na ncha, zenye vibawa vya kulaza na kuinua, ziendelee kutii. Pindo hilo halionekani kwa mtazamaji. Linaokoa ndege siku rubani anapokosa subira.

Nyuma ya mhimili hakuna ngozi ya mbao, ni mbavu tupu na kitambaa. Kitambaa hutandazwa, hugundishwa kingoni, kisha hupakwa vanishi ya kukazia, mkono baada ya mkono, hadi kinapovutika na kulia kikigongwa kwa kidole. Jua likipita nyuma ya bawa lililokamilika, kila ubavu huonekana kivuli chake. Kwa nje kazi imefichwa, kwa mwanga imefunuliwa. Sijui ufundi mwingine unaomtendea mjenzi wema kama huu.

Baada ya mapambo yote huja mizani. Ndege hutundikwa mahali palipokokotolewa, kwa kawaida karibu na theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele, na madini ya risasi huongezwa puani mpaka ikae sawa. Hapa hakuna nafasi ya kubembeleza. Ndege nzito mkiani huyumba na hatimaye humkataa rubani wake. Nzito puani hushuka kama iliyokata tamaa. Siku ya kuirusha, ndege ya mfano yenye injini huikokota kwa kamba kutoka uwanjani, au watu wawili huisukuma kutoka ukingo wa mteremko, mmoja akishika kiwiliwili na mwingine ncha ya bawa. Rubani amesimama nyasini na rimoti mikononi. Mwili wake hauko ndani ya ndege. Hasikii kiti kikimsukuma mgongoni, hasikii mluzi wa upepo kwenye kioo. Ndege ikimjia, kulia kwake kumekuwa kushoto. Kila kitu ambacho rubani wa ndege halisi hukijua kwa mwili, yeye lazima akijue kwa jicho, na jicho hufundishika polepole.

Kisha hutafutwa hewa inayopanda. Jua halipashi ardhi kwa usawa. Shamba lililolimwa, mapaa ya kijiji, ngano iliyoiva hupata moto kabla ya msitu na mabonde yenye unyevu. Hewa iliyolala juu yao hupata wepesi, hujibandua, hupanda. K 8 inazama sentimita 65 hivi kwa sekunde inapoelea kwa utulivu. Mkondo unaopanda mita mbili kwa sekunde unatosha kuinyanyua hadi mawinguni, na mfano wake vilevile. Hapa udogo huwa neema. Ndege halisi ikilala nyuzi 30 kwa mwendo wa kilomita 75 kwa saa huzunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 75 hivi. Mfano wake, ukilala hivyohivyo kwa kilomita 43 kwa saa, unahitaji mita 25 tu. Karibu na ardhi mikondo bado ni myembamba, na kidogo huingia mahali ambapo kikubwa hakienei. Rubani huona bawa moja likiinuliwa bila yeye kuamuru, na huko ndiko anakoielekeza ndege.

Walimu wa kazi hii ni ndege wenye manyoya. Otto Lilienthal, aliyezaliwa Anklam mwaka 1848, aliwatazama korongo weupe tangu ujana, akaandika mwaka 1889 kitabu juu ya mruko wa ndege kama msingi wa sanaa ya kuruka. Kuanzia 1891 aliruka mwenyewe maelfu ya mita, mruko baada ya mruko, hadi alipoanguka Agosti 1896 na kufa kesho yake. Korongo hao hawakuwa wa Ujerumani pekee. Mwaka 1822 mmoja aliuawa kaskazini mwa nchi hiyo akiwa na mkuki wa Kiafrika uliompenya shingoni, na bado amehifadhiwa Rostock. Kwa mkuki ule Wazungu walipata ushahidi wa wazi wa wapi korongo hukaa wakati wa baridi yao. Wanafika hadi mbuga za Afrika Mashariki na kupita, wakipanda mkondo mmoja wa hewa moto na kuteleza hadi mwingine, na hukwepa kuvuka upana wa Mediterania kwa sababu juu ya bahari mikondo hiyo haijengeki. Huzunguka kwa Bosphorus au Gibraltar.

Na Serengeti ilirudisha somo kule lilikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanabiolojia Mwingereza Colin Pennycuick aliwafuata tumbusi angani akiwa katika ASK 14, glaida yenye injini ndogo ya kujipandishia, iliyobuniwa na Rudolf Kaiser yuleyule na kujengwa Poppenhausen ileile. Tumbusi hawaondoki alfajiri. Wanangoja jua lifanye kazi yake, ndipo wanapanda wakizunguka, kisha wananyoosha safari, wakifuata nyumbu umbali ambao mabawa ya kupigapiga yasingeweza kuulipia. Pennycuick alizunguka pamoja nao katika mikondo ileile, akipima wanavyopanda na wanavyoteleza. Nikiitazama picha ya mabawa ya mbao ya milima ya Rhön juu ya nyanda za Tanzania, naona kwamba hewa haina uraia. Anayejua kuisoma Poppenhausen ataisoma Serengeti, na tumbusi hatamwona mgeni.

Urefu una mpaka wake. Mfano wa mita 5 ukiwa umbali wa mita 500 hauzidi upana wa milimita 6 zilizoshikwa sentimita 60 kutoka jichoni. Kiwiliwili kimepotea, kimebaki kistari. Ukiacha kidogo tu kuuangalia hujui tena unakuja au unakwenda. Kwa hiyo rubani mwenye busara hufungua breki za hewa na kushuka hali mkondo bado unampa. Pia hapeleki kilo 10 za mbao na chuma juu ya vichwa vya watu. Kitu kilicho chepesi mikononi mwa mjenzi si chepesi kikianguka.

Mwaka 1957 uleule ulioizaa K 8, wanafunzi wa Stuttgart walirusha fs 24 Phönix, glaida ya kwanza ya faibaglasi, na zama za mbao zikaanza kufungwa. Faibaglasi, na baadaye nyuzi za kaboni, zilileta mabawa laini yaliyozidi kila kilichotangulia, na sina ugomvi nayo. Lakini maarifa ya kukunja plaiwudi kwa maji ya moto, ya kuchagua kijiti cha msonobari kwa kukisikiliza kikigongwa, yangebaki kwa watengenezaji wachache wa ndege za kale kama wajenzi wa mifano wasingeyashika. Leo unaweza kununua glaida ya mfano iliyokwisha kufinyangwa kiwandani, ukairusha siku hiyohiyo, na utafurahi. Hutajua kwa nini inaruka. Anayekata kila ubavu kwa mkono wake anajua mzigo unapita wapi, na bawa likijipinda katika upepo mkali anaona kwa macho kile alichokigundisha.

Huulizwa kwa nini kazi ya miezi ipelekwe mahali ambapo sekunde moja inaweza kuivunja. Mfano wa kabatini unaweza kuwa kamili hadi msumari wa mwisho, na bado hakuna aliyewahi kuuhoji. Hewa huhoji yote kwa pamoja: mhimili, pindo, mizani, gundi, subira ya mjenzi na utulivu wa mikono ya rubani. Ndiyo iliyomjibu Lilienthal na Martens, na ndiyo inayombeba korongo. Kukubali kuhojiwa nayo, kwa kitu ulichokijenga vizuri kadiri ulivyoweza, ni heshima ambayo mtu wa kawaida hapewi mara nyingi. Kwa ajili ya heshima hiyo najenga kubwa, najenga kwa mbao, na narusha.